Diski Iliyolowa Mafuta ya Mawese

Mama Joyeuse, mshauri wetu wa redio, amani iwe kwako. Naomba unisaidie kabla aibu haijanifikia, maana ikishafika sitakuwa na la kuuliza tena. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Beni, komini ya Ruwenzori, nina watoto watatu, na mume wangu ni seremala, tumwite Paulin, na majina yote humu nimeyabadilisha kwa sababu jamaa zake wa Butembo hawakosi kipindi chako, hasa tantine wake mmoja, dada wa baba yake, ambaye redio yake haizimwi hata wakati wa kusali.

Swali langu ni la mashine. Tunatafuta mashine moja ya nyumba, itakayotunza sauti na picha na karatasi za jamaa zisipotee, na ambayo watoto wataichomeka kwenye televisheni waangalie filamu zao, na huu ni mwezi wa tatu tunabishana ni ipi tununue. Hilo ndilo swali, lakini nikikuuliza hilo peke yake nitakuwa nimekudanganya na wewe, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Baba mkwe wangu, papa Malachie, alikuwa mkulima na katekista kule Kalunguta kwa miaka arobaini. Tulipokimbia vita kule tuliondoka na tulichovaa, nyumba ikabaki na vyote vilivyokuwa ukutani, picha ya harusi yake, picha za ubatizo wa watoto, hata ile ya ujana amevaa suruali pana ambayo mama mkwe hakuacha kuicheka, kwa hiyo leo hatuna hata uso wake wa zamani wa kuwaonyesha wajukuu. Alikaa kwetu Beni miaka minne, na mwaka na nusu wa mwisho, kila Jumapili tukishatoka misa na kula nilikuwa naweka simu yangu juu ya kigoda mbele yake, nabonyeza, namwambia, "Papa, musemeke," naye anasema, majina ya mababu mpaka wa saba, mipaka ya shamba mti kwa mti, nyimbo za Kinande za kupalilia, maharage gani ni ya mbegu na gani ni ya chungu, nani alimkosea nani na walipatana vipi, mpaka nikawa na sauti zaidi ya sabini. Akimaliza alikuwa anakohoa kidogo na kusema maneno yaleyale, "Sasa utumie dada yangu wa Butembo, naye asikie," basi namtumia tantine kwa WhatsApp, naye harudishi neno, hata kidole gumba haweki, nikaona ni adabu tu ya mzee kutaka dada yake asalimiwe.

Miezi michache kabla hajafariki alirekodi neno kwa kila mjukuu, mmoja mmoja, mlango umefungwa, mimi tu nikiwa ndani kwa ajili ya kubonyeza. Baadaye akaomba yaleyale, dada yake atumiwe, nikamtumia, halafu akatoka nje akaweka sharti mbele ya watu wote, kwamba hakuna mjukuu atakayesikia neno lake mpaka siku ya kuondoa matanga, mwaka mmoja akishazikwa. "Ile siku musikuje kula mbuzi tu," akasema, tukacheka. Binti yangu Bénie ana miaka tisa, ndiye aliyekuwa anamshika mkono kwenda kanisani, na neno lake lilikuwa refu kuliko yote, dakika kumi na mbili. Tangu tumzike, mtoto ananiuliza, "Maman, sauti yangu ingali iko?" Nami namjibu iko.

Mama Joyeuse, haiko.

Wewe unaijua Beni. Kila nyumba ina mfuko nyuma ya mlango, wa kushika na kukimbia. Wetu ulikuwa na diplôme yangu, kadi za ubatizo, kadi za kupiga kura, nguo za watoto, chumvi, na bidon ya mafuta ya mawese ya lita mbili, kwa sababu tulipokimbia mara ya kwanza tulikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta siku nne, watoto wakagoma, nikaapa haitarudi kutokea. Sasa ile simu ya kurekodi ilipoharibika nilihamisha sauti zote kwenye diski ya nje, na kadi ya kumbukumbu ya ile simu nikaitunza pia, nikasema hapo nina nakala mbili, nikaweka zote mbili ndani ya mfuko, nikajisifu kabisa, kwamba kitu nisichotaka kukipoteza kiko pale mkono wangu unapofika kwanza.

Alhamisi moja asubuhi, niko nyumbani na homa, watu wakaanza kukimbia barabarani, nami nikabeba mfuko na mtoto mdogo mpaka kwa rafiki yangu upande wa Beu. Tulikaa pale mpaka saa sita, kisha tukaambiwa ilikuwa gurudumu la lori limepasuka, si risasi, tukacheka, tukarudi. Njiani nikasikia mgongo umelowa. Kifuniko cha bidon kilikuwa kimefunguka, na diplôme yangu leo unaweza kuisoma ukiwa upande wa nyuma. Diski ilikuwa chini kabisa, imeogelea. Nikaipangusa, nikaiosha kidogo kwa sabuni, nikaianika juu ya ungo karibu na maharage siku mbili, kisha nikaichomeka kwenye kompyuta ya shule, ikalia tik, tik, tik, na hakuna kilichoonekana, na mara kwa mara naijaribu tena inalia vilevile. Kadi nayo ilikatika mkononi nilipokuwa naifuta. Ni miezi mitano sasa na sijamwambia mtu, hata Paulin.

Ndipo ikaja habari ya mashine. Kaka mkubwa wa Paulin, Josaphat, anauza mabati na misumari Butembo, na kwenye kikao cha jamaa alisema sauti za mzee ziwekwe ndani ya mashine moja yenye nguvu, ikae kwenye salon yake, pale wageni wanapoketi, siku ya kuondoa matanga wote wasikie. Akapata serveur, ile kompyuta kubwa ya kazi, iliyotolewa kwenye ofisi fulani iliyofungwa, chuma kitupu, wanaume wawili ndio wanaibeba, diski nne ndani, na ikiwashwa inalia kama kinu cha kusaga muhogo. Akatuonyesha kwa video, anaipigapiga mgongoni, "Muone vile iko nzito. Hii, mwizi hapana kuibeba." Nikasema inakula moto sana, yaani umeme. Akatafuta ndogo, nikasema hiyo haina feni ya kutosha. Paulin anataka ile boksi ya televisheni yenye diski pembeni, ya filamu, na ameshaitengenezea kabati la mbao za libuyu lenye mlango na kufuli, nikasema haina mémoire, kumbukumbu ya kutosha. Mwanzoni nilikuwa nimetumwa kwa fundi mmoja, Fadhili, kijana mpole ambaye baba yake anasafirisha mizigo, akanishauri ordinateur portable, kompyuta ya kubeba, ya mtumba, nikamsikiliza saa nzima, akanifundisha maneno mengi, na kila neno alilonifundisha nimelitumia kukataa mashine moja. Sasa jamaa wote wananiita technicienne, fundi wa mashine. Mama, ukweli ni kwamba siku mashine itakapofika nitaambiwa nilete diski.

Zimebaki wiki tano. Juzi Josaphat alinipigia, "Virginie, sisi tunangoja wewe tu. Useme mashine, tununue. Wewe njo mwenye kujua." Na ni mtu mwema, sina ubaya naye, siku hiyo hiyo ya kuondoa matanga atampa tantine simu mpya kwa sababu ya kwake ina kioo kilichopasuka na imejaa mpaka picha za watoto tunazomtumia haziingii, na ile ya zamani ataisafisha ampe mlinzi wa duka lake. Watu wema namna hii ndio ninaowadanganya.

Na kuna jambo baya zaidi nililowaza. Shemeji yangu mdogo ana sauti ya baba yake hasa, hata kikohozi. Mimi nilikuwepo, nayakumbuka maneno ya Bénie karibu yote. Nimewaza nimwombe ayaseme, nirekodi, mtoto asikie, moyo wake utulie. Je, ni dhambi? Na mashine gani niwaambie?

Ni mimi Virginie, Beni.

Virginie,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka kwa ajili ya diplôme, unisamehe. Ya pili nililia. Ya tatu nilikasirika, na hasira hiyo nitakueleza inatoka wapi, lakini mwishoni.

Kwanza wasikilizaji wajue hili: majina umebadilisha, lakini bidon ya mawese umeiacha palepale, na jamaa zako watakutambua kabla sijafika nusu. Kwa hiyo juzi nilikupigia nikuulize niisome au niichane. Ukaniambia, "Musome tu, mama. Mimi kinywa yangu imeshindwa." Nikakuomba umwambie Paulin kwanza. Kama ulimwambia, umefanya vizuri. Kama hukumwambia, basi sasa hivi anakutazama, na wewe mtazame.

Nianze na mashine, kwa kuwa uliuliza, na kwa kuwa kabla ya kipindi hiki nilitunza chumba cha kanda za redio hii miaka kumi na moja. Fadhili alikwambia kweli, na wewe ulijua ni kweli, ndiyo maana ukamkimbia. Nunueni ordinateur portable ya mtumba. Sababu ni moja kubwa: ina betri yake. Moto ukikatika, mashine ya Josaphat inaanguka na kalamu mkononi, katikati ya kuandika, na hapo ndipo diski zinapoharibika. Portable inaendelea tu, halafu inazima kwa adabu. Inakula kidogo, paneli ya jua ya nyumba ya kawaida inaiweza. Muiwashe dukani bila waya, mkae nayo saa nzima mkinywa chai, muone betri inashuka vipi. Mémoire ya giga nane inatosha. Filamu zenu hazihitaji zaidi, na mzee hakuwa anaongea kwa haraka.

Pembeni yake mnunue diski tatu za nje. Moja iwe ya filamu, na hiyo mcheze nayo mnavyotaka, maana filamu ikipotea utaikuta tena kwa kila anayejaza filamu kwenye simu za watu sokoni. Mbili ni za jamaa, zinabeba vitu vilevile. Mzichukue kwa wauzaji wawili tofauti, kwa sababu ndugu wa katoni moja hupenda kuugua pamoja. Na hapa nisikilize vizuri. Moja inakaa Beni kwako, nyingine inakaa Butembo kwa Josaphat, na kila mara mmoja wenu akisafiri anabeba nyingine na kubadilisha. Serveur ya Josaphat ina diski nne, lakini ziko ndani ya sanduku moja, salon moja, chini ya bati moja. Mvua ikiingia inaingia kwa zote. Mimi niliweka nyimbo za kwaya za miaka tisa kwenye kabati moja, kanda na nakala zake ubavu kwa ubavu, nazo zilioza pamoja. Mpaka leo nikikutana na waimbaji wale nabadilisha njia.

Hilo ndilo kosa lako, Virginie, na si kosa la mjinga. Ni kosa la mtu wa Beni. Tumezoea kwamba kitu cha thamani ndicho tunachokimbia nacho, basi tunaweka vyote kwenye mfuko mmoja na kuulalia. Nakala inayokimbia pamoja na wewe si nakala. Nakala ni ile iliyobaki kwa mtu mwingine, imekaa, haijui hata kama umekimbia. Mfukoni weka kidogo, kwa ufunguo mdogo wa USB, ukipenda. Na mafuta uyape mfuko wake, nakuomba.

Josaphat usimkatae tena kwa maneno ya Fadhili. Mwambie serveur hapana, lakini diski ya Butembo ni ya kwake kuitunza, kwa jina lake. Mtu anayependa kitu kizito mpe kazi nzito. Na wewe Paulin, kabati lako ni zuri, sina shaka, ila mashine inapumua. Toboa matundu mgongoni.

Sasa ile diski ya mawese. Uliiosha kwa sabuni. Uliianika na maharage. Na kila ukiwa na wasiwasi unaichomeka tena usikie kama bado inalia. Acha. Kila inapolia hivyo inawezekana inajikwaruza yenyewe. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, usiiwashe tena, mpelekee Fadhili na umwambie yote, mpaka maharage. Umuulize jambo moja, kama ana uwezo wa kuifungua au anajua mwenye uwezo huo. Akisema hana, mshukuru, maana wengi watasema wanao. Usiitegemee sana. Iweke tu isizidi kuumia.

Na shemeji mwenye sauti. Hapana. Ulikuwa peke yako chumbani na mzee, kwa hiyo hakuna ambaye angejua, na ndiyo sababu hapana. Bénie alimshika mkono babu yake miaka minne. Siku moja angekua, angesikia kikohozi kisicho cha babu, halafu angeanza kuuliza na mengine yote uliyomwambia kama ni ya kweli. Unakumbuka maneno karibu yote, umesema. Basi keti umwandikie, kwa mkono wako, na juu yake uandike, "Haya ndiyo mama yako anayoyakumbuka." Huo ni ukweli na mtoto ataupokea. Fanya hivyo leo, hata kama haya ninayokuambia mwishoni yatafaulu.

Umebishana na mashine miezi mitatu, na mashine zote zilikuwa na kosa moja, kwamba zingefika. Nakuhurumia. Ni vigumu kuitwa technicienne na watu wanaokupenda huku mfukoni una ganda tupu. Lakini kila wiki uliyokaa kimya ilikula kitu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Siku ile ya mawese ungelia mbele ya Paulin, angekuuliza swali ambalo mume yeyote angeuliza: hizi sauti nani mwingine aliwahi kuzisikia? Hukuulizwa, kwa hiyo hukujibu. Nami nilihitaji kusoma mara tatu ndipo nikaliona, asubuhi hii. Nimekupigia mara nne, simu ilikuwa imezimwa, najua ulikuwa darasani na watoto wa watu. Ndiyo maana nalisema hapa.

Mzee Malachie alikuomba kila Jumapili umtumie dada yake. Ulimtumia zaidi ya mara sabini, na siku ya wajukuu pia. Hakurudisha neno, ukadhani hakusikia. Virginie, wewe ni mwalimu, fikiri. Mama mzee, asiyepiga picha, asiyeangalia filamu, ambaye hata kidole gumba hajui kukiweka. Simu yake imejaa nini?

Na ndiyo hiyo wanayotaka kuisafisha.

Kwa hiyo kipindi kikiisha usingoje kesho. Mpigie Josaphat, umwambie yote, kuanzia bidon. Atapaza sauti, mwache amalize. Kisha umwambie ile simu isiguswe, isifutwe kitu, isibadilishwe kadi, ibaki na chaji tu, mpaka Fadhili afike na waya anakili vyote kwenye diski mbili mpya, moja mbele ya macho yako na nyingine mbele ya macho ya Josaphat. Simu mpya atapewa baadaye. Sikuahidi kitu. Inawezekana sauti nyingine hazikufunguliwa kamwe, hazikushuka ndani ya simu, hizo hazipo. Lakini ingekuwa tupu isingekataa picha.

Na wewe, tantine wa Butembo ambaye redio yako haizimwi. Jina lako silijui, na hili nililopewa la kaka yako si lake, lakini wewe umeshamtambua. Nakusalimu kwa heshima. Ile simu yenye kioo kilichopasuka, usimpe mtu, hata akikuletea mpya ndani ya karatasi ya zawadi. Uiweke kifuani. Virginie atakuja na watoto, na mmoja ni msichana wa miaka tisa ambaye kwa karibu mwaka mzima anauliza sauti yake kama ingali iko. Mama yake hawezi kumjibu. Mama, umjibu wewe.